Kamiyo ya umeme itapita wapi Walikale?



Kule Ulaya waliweka sheria mwaka 2023: kufika 2030, kwenye barabara kubwa kabisa, kila kilometa 60 kuwe mahali pa kuchajia kamiyo nzito za umeme. Kilometa 60! Kwetu hiyo njo karibu toka Sake mpaka Masisi-centre. Huko, mvua ikinyesha, kamiyo ya mazutu inalala kwenye matope, na convoyeur analala chini yake.

Mimi ni mzaliwa wa Masisi. Niko na licence ya électricité, kazi hakuna. Niko na panneau moja na batri mbili, nachajia watu simu. Njo station yangu hiyo. Sasa watu wakisema kamiyo za umeme ni mambo ya wazungu, hayatuhusu, mimi nakataa.

Angalieni. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu 15% ya tantali ya dunia. Bisie, Walikale, ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu 6% ya dunia. Bati njo inashikanisha vipande ndani ya kila simu, kila chaja, kila gari la umeme. Mawe yanatoka kwetu, lakini umeme haurudi.

Tufanye hesabu. Matebe, kule Rutshuru, iko na megawati 13 hivi tangu 2015. Chaja mpya za kamiyo kubwa zinaweza kuvuta megawati 1 nzima kila moja. Kamiyo 13 zikichaji pamoja, Matebe imekwisha. Na Walikale, yenye mito kama Lowa na Oso, kwa sehemu kubwa bado iko gizani.

Kwa hiyo hatuombi chaja ya kamiyo kesho asubuhi. Tunaomba vitu vinavyotangulia: usalama, barabara, umeme. Leo kwenye njia zetu, kitu kinachofuatana kila kilometa chache ni barrière. Ukipita unalipa, awe nani anayeshika bunduki. Tangu M23 ichukue Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa UN wamesema inakusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kwenye koltani. Mama anayebeba mzigo mgongoni ameona daraja gani kwenye pesa hiyo?

Serikali nayo isijifiche nyuma ya vita. Code minier ya 2018 inasema 15% ya redevance ya madini ni ya secteur ao chefferie, na kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji. Tunadai hesabu hiyo isomwe mbele ya watu, sokoni, si kwenye ofisi iliyofungwa. Sehemu yake ijenge mitambo midogo ya umeme kwenye mito yetu, na RN3 itengenezwe kweli. Vijana waliosoma umeme tuko, tunakaa bure.

Wewe wa Wanianga, wewe wa Bakano: pale panapoendeka bila hatari, muende watatu, wanne, muulize kwa heshima lakini bila woga: 15% yetu iko wapi? Jibu mkilipata, mtuletee. Mkikosa, mtuambie pia. Kunyamaza njo kunatulaza gizani.