Tusiuze Mikorosho kwa Ahadi ya Magoti Mapya

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.).

Si ajabu siku hizi kuona viti vya plastiki pembezoni mwa safu za misikiti yetu. Wanaovikalia ni wazee waliobeba magunia ya korosho na kuvuta nyavu, na mama zetu walioinama mashambani miaka mingi. Magoti yamekataa kusujudu.

Mtaani husemwa kuwa ute wa magoti umekwisha. Sivyo. Kilicholika ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Goti linalovimba huwa na maji mengi kuliko kawaida. Gegedu halina mishipa ya damu, na kwa hiyo likilika halijijengi upya kama mfupa uliovunjika unavyojiunga.

Wataalamu wamelitafutia dawa. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walieleza jinsi walivyokuza seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe na kuzirudisha gotini. Lakini waliziba jeraha la sehemu moja, si goti lililochakaa lote. Zikafuata sindano za chembe sahani za damu na za seli shina kutoka kwenye uboho au mafuta ya mwili. Matokeo? Mwaka 2021 uchunguzi wa Australia kwa watu 288 ulionesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, sindano za chembe sahani hazikuwa na tofauti ya maana na za maji ya chumvi. Mwaka 2023 uchunguzi wa Marekani kwa watu 475 ulionesha kuwa seli shina hazikuishinda sindano ya zamani ya steroidi.

Basi ikiwa elimu yenye maabara na fedha bado haijafika, huyu anayesimama mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa na chupa ya "kurudisha ute" ameipata wapi?

Sisi hatupingi tiba. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tutafute dawa, na akaubagua uzee kuwa ndio usio na dawa. Tunachokipinga ni ghushi. Kuibandika chupa jina la Sunna hakumwondolei muuzaji wajibu wa kusema kweli. Bali kunamwongezea dhambi, kwa kuwa anaiuza dini pamoja na dawa.

Wapo watakaosema mgonjwa ana haki ya kujaribu. Ni kweli, lakini mwenye haki ya kujaribu ana haki pia ya kuambiwa kuwa anajaribu. Mwaka 2011 umma wa Watanzania ulimiminika Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Leo anayeshawishiwa kuuza mikorosho yake kwa ajili ya sindano hupoteza zaidi ya shilingi 500: huuza riziki ya wanawe.

Yaliyothibiti hayana mbwembwe. Mgonjwa aende hospitali, iwe Ligula au ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, apimwe. Afanye mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Mwenye uzito mkubwa aupunguze, kwani kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Goti likichakaa kabisa, upasuaji wa kuweka la bandia hufanyika hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Na kamati za misikiti zina wajibu wao: zisiruhusu uani mwao kuwa gulio la miujiza. Viti viwekwe kwa heshima, na kijana asimcheke mzee aliyekaa. Imran bin Husayn (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuswali ameketi pale asipoweza kusimama. Allah (S.W.) hakumtaka auze shamba ili asujudu.

Wabillahi tawfiq.