Daraja la Miguu Lisingoje Masika

Ndugu zangu wa vijiji vya miteremko ya Uluguru, daraja letu la waenda kwa miguu limechoka, na kulipigilia ubao mwingine si kulitengeneza. Kila mwaka ni yale yale: ubao umekatika, tumechanga misumari, kijana mmoja katumwa na nyundo, tumepita. Huku nyaya zinaliwa na kutu pale zinapoingia ardhini, na mto unachimba msingi wa ng'ambo.

Lilijengwa kwa ajili ya miguu tu. Leo linapitisha wanafunzi, kina mama wenye mikungu ya ndizi, baiskeli, mbuzi, na bodaboda yenye abiria na gunia. Siwalaumu vijana wa bodaboda. Kwetu huku wao ndio gari la wagonjwa. Basi tuombe daraja la watumiaji wote: pikipiki impishe mtoto, kingo ziwe pande zote mbili, na maji ya mafuriko yapite chini yake.

Hapo wazee wana kazi. Mhandisi akija kiangazi ataona kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe. Nani atamwambia maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi? Mzee anayeukumbuka mti au mwamba uliozama aende akauonyeshe kwa kidole, kabla kamba ya vipimo haijatandazwa. Tena tumuulize mhandisi kuhusu madaraja ya mawe ya upinde, kama yale ambayo TARURA, wakala wa barabara wa serikali, walijenga Kigoma kwa gharama nafuu. Mawe Uluguru hatununui.

Wala hatuendi kuomba hisani. TARURA ilianzishwa 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Anayepanda bodaboda kachangia. Ila manung'uniko ya kijiweni hayaingii kwenye bajeti. Kinachoingia ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu na ambao wengi wetu tunauona wa maana kukiwa na ugomvi wa mashamba tu. Uamuzi upite kwenye kata, diwani aufikishe halmashauri na kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na mchango wetu wa mawe, mchanga na nguvu kazi uandikwe humo humo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la mwezi Mei limechelewa.

Kwa sasa, abiria ashuke na pikipiki isukumwe, moja moja. Maji yakigusa mbao, daraja lifungwe, hata kama ni siku ya mtihani.

Mkutano ujao kila kitongoji kije, na wazee wake. Tumwombe mwenyekiti daraja liwe ajenda ya kwanza, na tusitawanyike kabla muhtasari haujasomwa na kusainiwa.