Shahada ya ng'ambo ipimwe kwa sheria, si kwa alama za Kidato cha Nne

Mzazi wa Garbatulla au Merti anapouza ng'ombe sokoni Isiolo ili mwanawe akasomee sheria Kampala, huwa ameiweka rehani riziki ya nyumba nzima. Miaka minne baadaye mwana hurejea na shahada mkononi, akabisha hodi katika Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya jijini Nairobi, kwani hapo ndipo penye njia ya kuwa wakili. Swali linalomkabili aghalabu si kiasi cha sheria anachokijua, bali alama alizopata alipokuwa Kidato cha Nne.

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Sheria ya mwaka 2012 iliyokiunda upya chuo hicho ilitaja alama ya jumla ya C+ katika mtihani wa KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Tangu hapo kesi zimefuatana mahakamani, na majaji wenyewe wamekifasiri kifungu hicho kwa namna zinazotofautiana. Iwapo majaji hutofautiana, je, mzazi wa Merti atajuaje maana yake kabla ya kulipa karo?

Mimi ni mwalimu wa lugha, na huenda msomaji akatarajia niishangilie hiyo B. La hasha! Lugha hukua pamoja na mtu. Kijana aliyeandika insha za sheria kwa miaka minne na kufaulu ametoa ushahidi ulio mpya na mzito kuliko karatasi aliyoifanya akiwa na umri wa miaka kumi na minane, pengine katika shule isiyokuwa na walimu wa kutosha. Kumrudisha kwenye karatasi hiyo ni kumpima mtu mzima kwa nguo za utotoni.

Wapo watakaosema kuwa sheria si kama udaktari. Mfupa uliovunjika Kampala huungwa sawa na uliovunjika Isiolo, lakini sheria hubadilika mpakani. Hilo ni kweli. Wakili atakayetetea malisho ya wafugaji hapa Isiolo sharti aijue Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Sharti pia aelewe kwa nini wazee wetu huitaja kwa uchungu Sheria ya Kinga ya 1970, iliyowakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa matendo yao wakati wa vita vya Shifta. Mambo hayo hayafundishwi Kampala wala Dodoma. Basi na afundishwe, kisha atahiniwe! Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012 imekwisha kuorodhesha masomo 16 ya msingi. Anayepungukiwa na somo alisome. Hiyo ni haki, na hapana atakayelalamika.

Tusisahau pia tulikotoka. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, alisomea Uingereza, akarudi kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961, kiliwafunza Wakenya wengi kabla Nairobi haijawa na chake. Mmoja wao ni Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba ya 2010. Shahada ya jirani haikuwa doa wakati huo.

Leo tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Hata hivyo, Desemba 2024 Martha Karua, wakili wa miaka mingi na waziri wa zamani wa sheria, alinyimwa kibali cha kumtetea Kizza Besigye nchini Uganda, akapewa Januari iliyofuata. Ikiwa mkongwe kama yeye husimamishwa mlangoni, sembuse kijana aliyehitimu jana?

Uingereza, tulikoazima sheria zetu nyingi, tangu 2021 imeweka mtihani mmoja kwa wanaotaka kuwa mawakili wa daraja la solisita, awe mtu amesomea London au Nairobi. Nasi tungeweza kufanya hivyo. Bunge lifute utata wa alama za sekondari, na Baraza la Elimu ya Sheria lieleze kwa lugha nyepesi, kabla kijana hajavuka mpaka wa Busia, ni vyuo vipi linavyovitambua na ni masomo gani atakayodaiwa. Nanyi walimu mnaowashauri wanafunzi kuhusu kazi, waambieni waulize kwa maandishi kabla ng'ombe hajauzwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Mahakama za Isiolo zinahitaji mawakili wanaoweza kumsikiliza mteja kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru bila mkalimani. Baadhi yao wamekaa nyumbani na shahada zao. Mtihani na uwepo mlangoni, tena uwe mgumu. Lakini uwe mtihani wa sheria.