Mrehani Sio Chandarua: Mama, Tusidanganyane

(1)
Naandika nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Nitakayemkwaza anisamehe mapema.

Kuna matangazo yanazunguka kwenye simu zetu: mrehani kwenye kopo, "mmea wa kufukuza mbu, weka dirishani usahau malaria". Kina mama mnaniuliza: "Nesi, nikiwa nao si naweza kuachana na neti?" Jibu ni hapana. Na leo nataka niseme kwa nini, bila kumtukana mrehani wala kivumbasi, maana mimi mwenyewe ninavyo vyote viwili uani.

(2)
Sio zamani sana tulipokea mtoto wa mwaka na miezi kidogo. Kaletwa kwa bodaboda saa nane usiku, ana degedege, viganja vyeupe kama karatasi. Homa ilikuwa na siku tatu. Siku zote tatu mama alikuwa anamfukiza kivumbasi na kumnywesha maji yake. Tukapima, malaria. Damu imeisha mwilini. Akaongezewa damu, akachomwa sindano za atesuneti, Mungu akasaidia akapona.

Mtoto alipoanza kucheka, mama akanionyesha picha kwenye simu. "Nesi, ona kivumbasi changu kilivyostawi." Kweli kilistawi. Kilikuwa kimezungushiwa uzio kuku wasikidonoe. Uzio wenyewe ni chandarua. Kile kile alichopewa kliniki.

Jamani. Mmea umelala ndani ya neti, mtoto kalala nje.

(3)
Simlaumu yule mama. Alifanya alichoambiwa, tena kwa bidii. Namlaumu anayeuza kopo la mrehani kwa uongo. Uza mrehani kwa harufu, uza kwa mboga, uza kwa urembo wa kibaraza, nitakuja kununua. Lakini ukimwambia mama wa Kahama au Katoro kwamba jani litalinda mtoto wake usiku kucha, hiyo sio biashara ya miche tena, unachezea uhai wa mtoto wa mwenzako.

Utasikia wanasema, "Mbona bibi zetu walitumia?" Walitumia, ndio. Na bibi hao hao ukiwauliza walizaa wangapi na wakazika wangapi, wananyamaza kwanza kabla ya kujibu.

(4)
Tuwe wakweli pande zote. Mimea hii ina mafuta ambayo mbu hayapendi. Watafiti walishajaribu magharibi mwa Kenya, miaka ya 2000 mwanzoni, wakaweka vyungu vya jamii hii ya mimea kwenye nyumba. Mbu walipungua, lakini kwa chini ya nusu. Sasa piga hesabu: wakija mbu kumi wakarudi wanne, wanaobaki ni sita. Na malaria inahitaji mmoja tu.

Mbu wa malaria anauma zaidi usiku mkubwa, wakati wewe umelala fofofo na jani limetulia halitoi harufu kali. Chandarua chenye dawa hakihitaji upepo wala kufikichwa. Kinamzuia mbu, na akitua juu yake kinamuua.

(5)
Na sisi manesi tujisemee. Mama akija amechelewa tunamfokea: "Ulikuwa wapi siku zote? Unaleta maiti?" Kesho mtoto akiugua tena, mama anakumbuka ile aibu ya mbele za watu, anaona bora amalizane na kivumbasi chake nyumbani. Kivumbasi hakimfokei mtu. Tukitaka kina mama waje mapema, tuanze kwa kuwapokea vizuri. Wenzangu mtakaonuna, nuneni, lakini mnajua ni kweli.

(6)
Sasa jambo ambalo wauza miche hawaligusi kabisa: udongo.

Ukanda wetu huu, kuanzia Kahama, Kakola, hadi Nyarugusu na Rwamagasa, udongo laini unaopatikana kirahisi karibu na nyumba mara nyingi ni marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa karashani na kuoshwa mwaloni. Unavutia, hauna mawe, mama anajaza kopo anapanda. Lakini marudio yamepitiwa na zebaki. Mengine yamepitiwa na sayanaidi, na baadhi ya mawe ya dhahabu yana aseniki yake yenyewe. Vumbi lake linashika kwenye majani. Mtoto anayetambaa anachota udongo wa kopo anakula. Na kuchemsha hakuondoi zebaki, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu, zebaki sio kijidudu.

Hata udongo ukiwa safi, kama baba anachoma dhahabu jikoni au nyuma ya nyumba, ule moshi hauonekani wala haunuki, lakini unaingia kwenye mapafu ya mtoto na unatua kwenye majani hayo hayo unayochuma. Rwamagasa wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishapima watu miaka ya 2000 mwanzoni, wakakuta wachomaji wa dhahabu wameathirika na zebaki. Hizi sio hadithi za kutunga.

(7)
Minamata ni mji wa Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Kilichowashtua madaktari ni hiki: mama aliweza kuonekana mzima, akazaa mtoto ambaye ubongo umeharibika. Zebaki ilipita kwenye kondo la nyuma ikaenda kwa mtoto. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, unaitwa Minamata, na unataka uchomaji wa dhahabu kwenye makazi ya watu ukomeshwe.

Kwa hiyo mjamzito unayechoma dhahabu, au unayekaa karibu na anayechoma, acha leo. Wala usinywe chai ya mrehani wa kopo la marudio ukidhani unajijenga.

(8)
Haya, mrehani wenyewe. Wengi mnalalamika unakufa wiki ya pili, mnaambiwa mna mkono mbaya. Hakuna mkono mbaya, kuna makosa haya:

Udongo. Mbuga peke yake inashika maji, mizizi inaoza. Changanya na udongo wa kichanga na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Chukua shambani, mbali na mwalo na karasha.

Chombo. Toboa matundu chini. Ndoo ya mafuta ya kula inafaa. Pipa la kemikali za mgodini, hata ulioshe mara kumi, halifai.

Maji. Ingiza kidole kwenye udongo. Pakavu, mwagilia asubuhi. Pabichi, acha. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Na sahani ya chini ya chungu mwaga maji yake. Mbu anataga kwenye maji yaliyotuama, na kama siku kumi tu baadaye wanaruka. Yaani mmea wa kufukuza mbu unageuka nyumba ya kuwalea!

Jua. Saa tano mpaka sita kwa siku. Kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba, uweke kivuli cha mchana.

Kukata. Chuma kileleni, juu kidogo ya majani mawili yanayotazamana, utatoa matawi mawili. Ukiona maua, yakate. Mrehani ukishazaa mbegu unaona kazi yake imeisha, unakauka. Kabla haujazeeka, kata tawi la urefu wa kidole, weka kwenye glasi ya maji, badilisha maji kila baada ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja au mbili una mizizi, unao mche mpya bila kumlipa mtu.

(9)
Mrehani uwe wa mboga, wa chai yako wewe mkubwa na wa harufu nzuri nyumbani. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata tone la kivumbasi hapana.

Neti inatolewa bure kliniki, kwenye hudhurio lako la kwanza la ujauzito na mtoto anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Idai. Mjamzito, dozi za SP ukipewa kliniki, meza pale pale. Na homa ya mtoto haingoji kesho: kapime siku ile ile, umejifukiza hujajifukiza.

Kuku wakisumbua bustani, kata miti uweke uzio. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, toka nje uangalie neti yako iko wapi. Kama iko kwenye mboga, ifungue, ifue, ianike kivulini, kisha ikalale inapotakiwa.

Mimi nalala sasa. Maswali nitajibu jioni.