Mtaa Usiokuwa na Hati

Anayetaka kuandika historia ya City Centre ya Lilongwe hatahangaika kutafuta karatasi. Mji mkuu ule wa Malawi ulichorwa kwanza, ukajengwa baadaye. Rais Kamuzu Banda aliutaka, Uingereza ikakataa kuugharimia, Afrika Kusini ya makaburu ikatoa mkopo, na mwaka 1975 serikali ikahama kutoka Zomba. Kila eneo likapewa namba kwa mfuatano wa kuanzishwa kwake, bila kujali linapakana na lipi, ndiyo maana mgeni hupotea hata akiwa na ramani mkononi. Capital Hill, mabenki, balozi, barabara pana, hata pori lililoachwa kati ya City Centre na Old Town, vyote vina faili. Kinachoadimika pale ni wakazi. Ofisi zikifungwa jioni, watu hupanda minibasi kurudi Kawale, Chinsapo, Mtandire na Area 25, na katikati ya jiji hubaki walinzi.

Sasa nenda kaskazini yapata kilomita 40, wilayani Dowa. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ina watu zaidi ya 50,000 kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya watu kama 10,000 hivi. Wamezidi kwa mbali wakazi wa mji wa Dowa wenyewe. Wengi wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na wachache Ethiopia na Somalia. Kumbukumbu zake za maandishi nazo ni nyingi, lakini zote zinahesabu vichwa: walioingia, waliozaliwa, waliopewa posho, waliosafirishwa kwenda ng'ambo. Mtu anapatikana kwenye daftari, mahali pake hapapatikani. Hoja ya makala haya ni kwamba Dzaleka imeshakuwa mitaa, ina historia kama ilivyo kwa Kariakoo au Ng'ambo ya Unguja, na historia hiyo ikusanywe sasa na wakazi wenyewe, kabla hawajaulizwa tena na mamlaka fulani wanafanya nini pale.

Ushahidi uko wazi kwa anayetembea. Kambi imegawanyika katika sehemu zenye majina ya miji na vitongoji vya Malawi: Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre, Karonga, Lisungwi, Katubza. Mtoto aliyezaliwa pale hutumwa chumvi Blantyre akarudi kabla maji hayajachemka. Kila sehemu ina viongozi wake, makanisa yake na kwaya zake, misikiti, vinyozi, mafundi cherehani wa vitenge, vibanda vya kuonyesha mpira. Tazama nyumba moja tu. Udongo wa matofali umechimbwa hapohapo ubavuni, na shimo lililobaki likageuka jalala au bustani ya mboga. Paa lilikuwa la nyasi na turubai, kisha likapata bati, kipande kwa kipande, kadiri jamaa wa nje alivyotuma hela. Familia ikipata safari ya ng'ambo, nyumba huuzwa mbele ya majirani, ingawa ardhi si ya muuzaji wala haitakuwa ya mnunuzi. Huo ni utaratibu wa makazi uliotungwa na watu wasio na hati. Una masharti yake, mashahidi wake, na bila shaka ugomvi wake, na hakuna ofisi ya ardhi iliyowahi kuuandika.

Historia hii haianzi na wakimbizi. Mahali hapa palikuwa gereza la kisiasa enzi za Banda. Yaliyotokea gereza la Mikuyu kule Zomba dunia iliyajua zaidi kwa sababu ndani yake alifungwa mshairi, Jack Mapanje, aliyeachiwa mwaka 1991. Dzaleka haikubahatika hivyo. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa uchaguzi na Rwanda ikazama katika mauaji ya kimbari, gereza likawa kambi. Malawi wakati huo haikuwa ngeni kwa wakimbizi: miaka michache nyuma iliwahi kuhifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja, nchi yenyewe ikiwa haijafikisha watu milioni kumi. Yafaa hilo likumbukwe kabla ya kuilaumu. Lakini yafaa pia kukumbuka kwamba ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea masharti juu ya kazi, mali, kutembea na uraia, na kwamba ni kwa msingi wa masharti hayo imekuwa ikiwataka wakimbizi wakae kambini.

Matokeo yake yalionekana Mei 2023, agizo la serikali kuwataka wakimbizi warudi Dzaleka lilipotekelezwa kwa nguvu. Wafanyabiashara waliokuwa wameishi Lilongwe miaka mingi walichukuliwa majumbani na madukani, na mamia, watoto wakiwamo, wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Julai mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Lilongwe, Rais Lazarus Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitaingia katika shule za Malawi. Walioondolewa mjini miezi miwili kabla walikuwa miongoni mwa wasemaji wakubwa wa lugha hiyo nchini. Hatudai kuwa waliotoa agizo na waliotoa tangazo walikusudia kejeli. Ni kwamba hakuna aliyekuwa na mahali pa kusoma habari za watu hawa isipokuwa kwenye takwimu za posho.

Pingamizi la kwanza, tena zito, hutoka kwa marafiki wa wakimbizi. Kuiita Dzaleka mtaa, wanasema, ni kuuremba ufungwa. Ukishawapa watu historia ya mahali walipozuiliwa, umewaambia wazoee. Tunalielewa, ila tunaona limekaa kinyume. Kizuizi ni sehemu ya historia hiyo, na anayesimulia mtaa kwa uaminifu hawezi kuruka kibali cha kutoka wala kazi iliyokatazwa. Aidha, mahali pasipo na simulizi ndipo pepesi kuhamishwa. Mpango wa kuwahamishia wakimbizi Katili, Karonga, ulizungumzwa kana kwamba kinachohama ni mahema na magunia. Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Mwingereza, walikaa zaidi ya karne moja kwenye ardhi ambayo serikali zilizofuatana ziliwatazama kama wapangaji wa muda. Hati ya jumuiya ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Hawangeweza hata kuanza kudai bila kuonyesha nani alikaa wapi, tangu lini, na wazee wao wamezikwa wapi.

La pili husema hawa ni wapita njia, na wenyewe hawafichi kwamba wanataka kuondoka. Ni kweli wengi wanataka. Lakini Kariakoo ilikuwa kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, na wapagazi hawakuja Dar es Salaam kuanzisha soko. Warundi wa 1972 walipopelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walitarajia kurudi kwao. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Aliyefika Dzaleka mgongoni mwa mama mwaka 1994 amepita miaka thelathini na pengine ana watoto shuleni. Nia ya kuondoka haifuti miaka hiyo.

La tatu ni la wenyeji wa Dowa, na hili hatutalijibu kwa haraka. Wanauliza kwa nini kambi ipate wanahistoria wakati vijiji jirani, vilivyopoteza miti na mashamba, havina hata kitabu kimoja. Wana haki. Jibu ni kwamba historia ya Dzaleka isiyo na wanavijiji ni nusu. Watoto wa Kimalawi wanakaa dawati moja na wa kambini katika shule ya Umodzi Katubza. Mama mjamzito wa kijijini hupanga foleni kwenye zahanati ileile. Soko linawahitaji wote wawili, yule anayeleta mahindi na yule anayeuza sabuni. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, msanii Mkongo, huvuta maelfu kutoka Lilongwe kuja kusikiliza ngoma za Burundi na muziki wa Malawi, wengine wakilala nyumbani kwa wakimbizi. Ugomvi wa kuni na bei nao uandikwe, kwa maneno ya pande zote mbili.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Redio Yetu ipo kambini na inasikika kwa lugha za watu. Inahitajika orodha ya sehemu na mwaka kila moja ilipoanza kujengwa, majina ya viongozi waliozisimamia, visima na nani alivichimba, makaburi, mipaka ya gereza la zamani ilipita wapi. Na uharaka upo, maana waliofika 1994 wakiwa watu wazima wanapungua: wengine wamezikwa Dowa, wengine wako Australia na Marekani, na waliobaki ndio wanaojua nani alitangulia kujenga Katubza.