TUSIZIKE PICHA ZETU ZINGALI HAI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani methali hii ni ya wenye maduka pale Westlands na Wangige. Kumbe ni yetu sisi pia, wanafunzi wa hapa Kitisuru, na mali yenyewe ni picha.

Wanafunzi wenzangu, mnamkumbuka mpishi wetu aliyetuaga mwaka jana. Familia yake ilituomba picha moja tu, nzuri, ya kuweka kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi. Mwalimu mlezi wa chama akanituma mimi na mwenzangu wa kidato cha tatu kwenye maabara ya kompyuta. Tukafungua diski ya shule. Lo! Picha 12,000: siku za wazazi, michezo, tamasha za muziki na drama. Folda moja inaitwa "Mpya", nyingine "Mpya 2", nyingine "Mpya kabisa". Picha zenyewe hazina majina, zina nambari tu.

Tukaanza kutafuta. Unasogeza kipanya, unabonyeza mara mbili, unangoja. Kigurudumu kinazunguka kwenye kioo. Moja, mbili, tatu, nne... ndipo picha inatokea, nayo ni ya goli tupu. Unafunga, unaanza tena. Tulikaa jioni mbili bila kumpata mzee. Karatasi ikachapishwa na picha ya kitambulisho, na nyote mnajua kwamba hakuna binadamu anayefanana na picha yake ya kitambulisho.

Wiki mbili baadaye, nikitafuta picha ya drama, nikamwona. Amesimama kando ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba. Tuliipeleka kwa mjane wake. Alishukuru sana, lakini alisema neno moja tu lililonichoma: "Imechelewa."

Sasa nasikia diski imejaa, na kuna wanaopendekeza folda za kale zifutwe zote kwa mkupuo mmoja kwa kuwa hakuna azitazamaye. Mimi napinga! Hazitazamwi kwa sababu chombo cha kuzitazamia ni kizito. Maoni yangu ni kwamba Chama cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa kompyuta, tutengeneze programu yetu ya kutazama picha, nyepesi, ya kuendeshwa kwa kibodi peke yake.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kungoja sekunde 4 kwa kila picha, mara 12,000, ni sekunde 48,000. Hizo ni saa 13 na dakika 20 za kutazama kigurudumu! Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba chombo kikijibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kimejibu papo hapo. Tukifika hapo, kungoja kote kunakuwa dakika 20. Ongeza sekunde moja ya kuitazama kila picha, jumla ni saa 3 na dakika 40. Jumamosi moja, na bado mtu awahi chakula cha mchana.

Je, yawezekana kwa mashine zetu hizi kuukuu? Yawezekana. Picha ya kamera ya pikseli milioni 24 ikifunguliwa yote hula baiti milioni 72 za kumbukumbu. Lakini kioo cha mashine zetu kina pikseli 1366 kwa 768, yaani kama milioni moja tu. Ya nini kupika gunia zima la mahindi kwa mgeni mmoja? Picha za aina ya JPEG zinaweza kufunguliwa kwa robo ya upana na robo ya urefu bila kuzifungua zote kwanza. Jambo la pili, wakati wewe unaitazama picha hii, programu iwe imekwisha kuandaa ile inayofuata. Mpishi hodari hangoji foleni ifike dirishani ndipo awashe jiko.

Na vitufe viwe vya Kiswahili! Tazameni kibodi. Herufi N na M zimekaa jirani, N kushoto, M kulia. N iwe "nyuma", M iwe "mbele". Mkono wa kushoto una W ya "weka", R ya "rudisha", T ya "tupa" na A ya "andika jina". Mikono haiondoki mahali pake, macho hayaachi kioo. Nasisitiza jambo moja: T isifute kitu. Itie alama tu, na mwishoni mwalimu aone orodha kabla ya chochote kufutwa. Kidole huteleza, na picha iliyofutwa hairudishwi kwa kuomba radhi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Kuna watakaosema haraka haraka haina baraka. Naam, lakini haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Haraka ninayoitaka ni ya mashine. Mashine ikikimbia, mimi ndiye ninayepata nafasi ya kutulia juu ya picha inayostahili.

Wengine watasema kazi hii ifanywe na akili unde. Tazameni Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Snapshot Serengeti walitega kamera 225 porini. Kufikia mwaka 2013 walikuwa na seti milioni 1.2 za picha, na nyingi mno hazikuwa na mnyama yeyote, ni nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea walizitazama na kuandika: huyu nyumbu, huyu pundamilia. Ni kweli kwamba mwaka 2018 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kompyuta ikiweza kuwatambua wanyama hao. Lakini ilifundishwa na nani? Na picha zilezile walizotangulia kuzitaja binadamu. Basi mashine itasema nini juu ya mzee wetu? "Mtu na sufuria." Jina lake sisi ndio tunaolijua, na kila mwaka kidato cha nne kinapoondoka, majina mengine yanaondoka nacho.

Isitoshe, hapa Nairobi tuna mfano mkubwa. Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Komoro. Aliacha mamilioni ya picha. Mwaka 2021 zaidi ya 6,000 kati yake ziliwekwa kwenye mtandao wa Google Arts & Culture ili yeyote aone. Elfu sita katika mamilioni! Kupiga picha ni kazi ya nukta moja; kuichagua na kuipa maelezo ndiko kwenye jasho.

Msiniambie kwamba jambo hili ni la makampuni makubwa. IrfanView, programu ya kutazama picha inayojulikana sana, ilitolewa mwaka 1996 na mtu mmoja, Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na hadi leo inatumika. Mtu mmoja! Sisi tuna chama kizima, na wengine humu hushinda kwenye simu mpaka kengele ya kulala.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, uongozi wa shule utupe muhula mmoja kabla ya kufuta chochote. Pili, wenzetu wa kompyuta waanze na vitufe viwili tu, N na M. Mengine yatafuata, haba na haba hujaza kibaba. Tatu, walimu wetu wa siku nyingi, pamoja na watunza bustani na wapishi, waje waketi nasi Jumamosi hiyo watutajie majina, nasi tuyaandike.

Sijui siku gani familia nyingine itabisha lango letu ikiomba picha moja tu. Nataka siku hiyo tujibu kabla chai haijapoa. Kalamu naiweka chini.