Karata ya Kutupa

Ndugu msomaji, wapo watu wengi ambao wakisikia neno karata mawazo yao hukimbilia moja kwa moja kwenye kamari, ulevi, na mishahara iliyopotea njiani kabla ya kufika nyumbani. Hofu hiyo haikuzuka bure, wala sina nia ya kuibeza. Lakini karata ninazotaka kuzizungumza leo ni zile za barazani na sebuleni, zinazochezwa baada ya chakula cha usiku, ambapo anayeshindwa hatozwi hata senti moja bali huosha vyombo. Na kati ya michezo hiyo nimeuchagua mmoja tu, yaani rami, kwa sababu umenifundisha jambo ambalo ilinipasa kulijua mapema zaidi, na ambalo kwa kutolijua nilimkosea mtu wa damu yangu.

Majina yenyewe ya karata zetu ni kumbukumbu ya safari ndefu. Kopa, uru, shupaza na pau, na hata maneno karata na turufu, tuliyapata kwa Wareno, waliofika katika pwani yetu mwaka 1498 na ambao ngome yao ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Wareno walikwenda, karata zikabaki. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mchezo huu ni wa ujana wa siku hizi.

Rami ya watu wawili huchezwa hivi. Kila mmoja hugawiwa karata 10. Karata moja hufunuliwa na kuwa mwanzo wa fungu la wazi. Zilizobaki, 31, hufunikwa. Zamu yako ikifika unaokota karata moja, ama ya juu katika fungu lililofunikwa ama ya juu katika fungu la wazi, kisha unatupa moja. Unatafuta mafungu: karata tatu au nne zenye namba moja, au tatu na zaidi zinazofuatana za aina moja. Anayetangulia kupanga karata zake zote hufunga mchezo, na mwenzake huhesabiwa zile ambazo hakuwahi kuzipanga. Mfalme, malkia na ghulamu ni pointi 10 kila mmoja. Ree ni pointi 1.

Mchezaji mchanga hudhani kwamba shida ya mchezo ni kuokota. Sivyo. Karata unayoiokota huletwa na bahati, na bahati haikuulizi rai yako. Shida ni kutupa. Kila zamu unalazimika kuachana na kitu ambacho huenda baada ya dakika mbili ungekililia, na unaachana nacho bila ya kujua kinachokuja. Hapo ndipo akili ya mtu inapopimwa.

Tuchukue mfano. Umeshika saba ya kopa, nane ya kopa na nane ya shupaza. Hazijawa fungu, lakini zina milango minne: sita ya kopa, tisa ya kopa, nane ya uru na nane ya pau, yoyote kati ya hizo ikija, umepata fungu. Upande wa pili umeshika wafalme wawili, ambao wana milango miwili tu. Na kando yao unaye malkia na ghulamu wa uru, wanaosubiri ama mfalme wa uru ama kumi ya uru; tena milango miwili. Ungekuwa umeshika mfalme na malkia wa uru, mlango ungekuwa mmoja, ghulamu, kwa kuwa juu ya mfalme hakuna kitu.

Mwanzoni mwa mchezo karata usizoziona ni 41: zile 31 zilizofunikwa na zile 10 za mwenzako. Ukivuta mara tatu kutoka katika fungu lililofunikwa, mwenye milango minne atapata anachokitaka kiasi cha mara 27 katika 100. Mwenye milango miwili atapata mara 14. Mwenye mlango mmoja, mara 7. Hesabu hii si ya kubahatisha, na si ngeni: tangu mwaka 1654, Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walipoandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa, watu wamekuwa wakiifanya kwa kalamu na karatasi.

Nakuomba uitazame tena ile namba ya kwanza, kwa maana wengi huipita haraka. Mara 27 katika 100 ndiyo nafasi ya yule aliyechagua vizuri kuliko wote! Maana yake ni kwamba mchezaji hodari, aliyeshika karata zinazostahili kushikwa, katika mara tatu hizo za kuvuta atakosa zaidi ya mara saba katika kumi. Na mjinga aliyeng'ang'ania mlango wake mmoja, mara chache chache, atafunguliwa, naye atapiga meza kwa kiganja na kutuambia sote kwamba alikuwa anajua.

Yako mengine ya kuangaliwa zaidi ya hesabu. Mwenzako akiokota tano ya kopa kutoka fungu la wazi, amekupa habari bila ya kupenda: ama anakusanya tano, ama anajenga mfuatano wa kopa. Tangu hapo nne na sita za kopa si karata za kutupa ovyo. Na wewe vivyo hivyo. Kila unapookota cha wazi umepata cha hakika, lakini umefungua dirisha ukachunguliwa. Nane ya uru ikiwa imekwisha kutupwa na kufunikwa na nyingine, ile milango yako minne sasa ni mitatu, hata kama moyo wako unaendelea kuhesabu minne. Ni kwa sababu ya mambo kama haya, kukumbuka karata zilizoanguka na kupima ipi ya kushika na ipi ya kuacha, kwamba Mahakama Kuu kabisa ya India, katika shauri lililotoka jimbo la Andhra Pradesh mwishoni mwa miaka ya 1960, iliona kwamba rami ni mchezo wa ustadi zaidi kuliko wa bahati. Waheshimiwa hao hawakusema bahati haimo. Imo, na usiku ule nyumbani kwetu ilikuwapo.

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa akicheza nami. Fungu lililofunikwa lilikuwa limebakiwa na karata sita. Mimi nilikwisha kuokota mara tatu kutoka fungu la wazi, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba nakaribia kufunga. Mkononi mwake alikuwa na wafalme wawili, wa shupaza na wa pau. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka mama yake akamwambia kuwa vyombo vinamsubiri, kisha akamtupa mfalme wa pau. Zamu iliyofuata alivuta karata, na ilikuwa mfalme wa uru.

Sebule nzima iliangua kicheko. Dada yangu akasema, "Ungevumilia kidogo tu!" Nami, badala ya kunyamaza, nilitikisa kichwa kama mwalimu aliyekata tamaa. Nilifunga zamu mbili baadaye. Kijana hakulalamika. Alisema tu, huku akizikusanya karata, "Mjomba, mfalme yule nilikuwa sijamwona nilipomtupa mwenzake."

Ndugu msomaji, sentensi ile ilininyima usingizi. Nilichukua kipande cha karatasi nikahesabu. Kati ya karata zangu 10, tatu alikuwa anazijua kwa kuwa aliniona nikiziokota. Zilizobaki saba, pamoja na sita zilizofunikwa, ndizo asizozijua: karata 13, na humo wafalme wawili. Nafasi ya kumpata mfalme katika mvuto wake wa pili ilikuwa mbili kwa kumi na tatu. Kwa nafasi ndogo hiyo angekaa na pointi 20 mkononi, mbele ya mtu ambaye ameshika kitasa cha mlango. Alitupa vizuri. Alishindwa, lakini alitupa vizuri, na sisi watu wazima tulimcheka kwa kosa ambalo hakulifanya. Ubaya ni kwamba alitusikia. Majuma mawili yaliyofuata alikuwa akiwakumbatia wafalme wake mpaka mwisho wa kila mchezo, na kila mara nilimkuta na pointi zake 20, na nyakati nyingine 30.

Sasa nifike kwa yule niliyemkosea. Mdogo wangu analima wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hadi Aprili, na ambapo katikati ya msimu, mara nyingi mwezi wa Februari, mvua huweza kukatika na jua likawaka kwa siku nyingi mfululizo. Mtama huvumilia. Mahindi, yakikutwa na kiangazi hicho wakati yanatoa mbelewele, hayavumilii. Mwaka mmoja alipanda ekari mbili za mahindi na moja ya mtama. Mvua za Desemba zilikuwa nzuri. Mahindi yana soko pale Kibaigwa, na yeye alikuwa na karo ya watoto wawili ya kulipa. Februari ikaja, jua likawaka, ekari mbili zikageuka mabua.

Nilisafiri kwenda kumwona, nami kama mkubwa wake nikamwambia, mbele ya mkewe na watoto, kwamba mtu mwenye akili hapandi mahindi Kongwa. Alinyamaza. Jambo nililolisahau siku ile, au nililokataa kulikumbuka, ni kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amepanda vile vile, ekari mbili kwa moja, na mvua haikukatika. Alituletea magunia mjini, tukala ugali wake, tukamsifu kwa ujasiri. Uamuzi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni karata iliyofuata.

Baada ya usiku ule wa wafalme nilikwenda tena Kongwa, na mara hii nilimwuliza swali ambalo mtu angetegemea niwe nimeliuliza kwanza: siku unapanda, ulikuwa unajua nini? Tulikaa chini ya mwembe wake hadi jioni. Alinieleza juu ya udongo, juu ya mbegu aliyokuwa nayo, juu ya misimu mitano iliyopita ambayo kiangazi cha Februari kilimwumiza mara moja tu. Kupanda mahindi, kwa yale aliyoyajua, hakukuwa upumbavu hata kidogo. Halafu, bila ya mimi kumsukuma, akasema kwamba kosa lake lilikuwa jingine. "Kaka, nilipima mvua vizuri, lakini sikupima tumbo. Ekari mbili zilikuwa nyingi. Zikishinda napata karo na mabati. Zikishindwa watoto hawali. Ningepanda moja."

Nilimtazama nikaona aibu. Hilo ndilo tulilopaswa kulizungumza miaka ile, naye alikuwa nalo kichwani wakati wote, lakini nani angelisema mbele ya kaka anayefoka? Katika rami ni hivyo hivyo: mlango mmoja wa kumsubiri ree unaweza kuuacha wazi mpaka mwisho, kwa kuwa ukifungiwa utalipa pointi chache tu. Nafasi hiyo hiyo ukiisubiria kwa wafalme ni ghali. Kupima kama jambo litatokea ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kupima litakuchukulia nini lisipotokea.

Msimu huu amegeuza: ekari moja mahindi, mbili mtama. Nilimpigia simu juma lililopita, ikiwa ni siku ya tisa bila ya mvua. Hakuwa na habari nyingi za shamba. Alisema mahindi yanakunjamana adhuhuri na kukunjuka usiku, basi. Aliniuliza kama mpwa wetu bado anacheza karata, na kama amerudia kuwatupa wafalme mapema. Nikamwambia ameanza tena, na kwamba tangu Jumapili mimi ndiye ninayeosha vyombo.